Kifumbu kifuani: asubuhi ya kwanza na eko ya mkononi

Nimeuona! Vidole bado vinanata jeli, shati nimelivaa ndani nje, lakini lazima niandike sasa hivi kabla msisimko haujapoa. Nimeuona moyo wangu mwenyewe ukifanya kazi, mbashara, kwenye simu ya kawaida kabisa, nikiwa nimejilaza kwenye kochi Magomeni, ghorofa ya tatu, huku jirani wa chini akikaanga samaki.

Miaka kadhaa sasa naandika habari za vifaa. Nimeshika simu zinazokunjwa, saa zinazohesabu hatua, droni zilizoishia juu ya miembe. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuninyamazisha. Hiki kilininyamazisha, mpaka dada akalazimika kuniambia, "Pumua basi, mdogo wangu. Nilisema ubane pumzi, sikusema ufe."

Dada ni binti wa mama mkubwa, na kazi yake ni kupima watu eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Wiki nzima yuko kwenye chumba chenye giza, pembeni ya mashine yenye magurudumu iliyo kubwa kama friji ndogo. Hiki alichokinunua kwa akiba yake kinaingia mfukoni mwa koti. Ukikiona utadhani ni mashine ya kinyozi: mkono mmoja wa plastiki, kichwa bapa, na waya wa kuchomeka kwenye simu. Basi. Jina la kampuni silitaji, maana hawakunilipa na wala hawajui kama nipo.

Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na mbavu. Akapaka jeli (baridi ile!), akakiweka kichwa cha kifaa kushoto kwa mfupa wa kidari, katikati ya mbavu mbili. Kwanza ukungu mtupu. Kijivu juu ya kijivu, kama televisheni ya zamani iliyoanguka antena. Akakizungusha kidogo tu, kwa utaratibu wa mtu anayebembeleza kufuli kuukuu, na ghafla ukungu ukapasuka, na mle ndani kulikuwa na kiumbe. Sina neno jingine. Kuta mbili nene zinakaribiana na kuachana, na katikati yake mapazia mawili membamba ya vali yanapigapiga, pah, pah, pah, kana kwamba kuna mtu anakung'uta kitenge dirishani.

"Hiyo ndiyo ventrikali ya kushoto," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha choo kilipo. Mwenzangu ameziona maelfu. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Hebu nikueleze kwa nini chumba hicho kimoja, kati ya vinne vya moyo, ndicho kinachotafutwa kwanza kila eko inapofanyika. Ventrikali ya kulia inasukuma damu kwenda mapafuni, jirani tu, kwa shinikizo la zebaki milimita 25 hivi. Ya kushoto inatakiwa kuifikisha damu utosini na kwenye kidole gumba cha mguu, kwa milimita 120. Ndiyo maana ukuta wake kwa kawaida unafika hadi milimita 10 hivi, wakati ule wa kulia haufiki nusu ya hapo. Kwa mtu mzima aliyetulia, chumba kikijaa hubeba mililita kama 120. Kinakamua 70, kinabakiza 50. Hizo 70 ni kikombe kimoja cha kahawa chungu ya barazani. Unacheka? Piga mara mapigo 70 kwa dakika: karibu lita 5! Dumu zima la mafuta ya kupikia, kila dakika, usiku na mchana. Tangi la lita 5,000 lililo juu ya paa lako lingejaa na kufurika kabla siku haijaisha, kwa kazi ya msuli unaolingana na ngumi yako.

Sasa kaa vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonichanganya kabisa. Seli ya msuli wa moyo inapojikunja, inafupika kwa kiasi cha asilimia 15 tu. Asilimia 15! Lakini chumba kinatoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Inawezekanaje? Nikamuuliza dada, naye hakunijibu. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kifumbu cha marehemu mama mkubwa, kile cha ukindu, ambacho sasa kinaning'inia ukutani kama pambo kwa sababu tui siku hizi tunasaga kwenye blenda. Akakishika juu kwa mkono mmoja, chini kwa mkono mwingine, akasokota, mkono huu huku na mkono ule kule.

Kifumbu! Nyuzi za msuli wa ventrikali ya kushoto hazikulala sambamba kama mbao za mlango. Za ndani zinapanda kwa kuzunguka upande mmoja, za nje zinazunguka upande wa pili, na za katikati zimekizingira chumba kama mkanda. Zikijikunja kwa pamoja, ncha ya moyo inazunguka upande wake na kitako cha juu upande mwingine, na damu inakamuliwa kama tui. Halafu msokoto unapoachia, chumba kinajifungua kwa nguvu na kuivuta damu mpya kutoka juu. Kinavuta! Maisha yangu yote nilidhani moyo ni pampu ya kusukuma tu. Na kulegea huko si mapumziko, kunakula nishati, kwa sababu kalsiamu iliyoamsha msuli lazima irudishwe ghalani kabla pigo jingine halijafika. Kuna watu ambao moyo wao unakamua vizuri kabisa lakini hauwezi kulegea, na wanapanda ngazi kwa kuhema kama walioshindwa kukamua. Nilimwambia dada kuwa hilo nalijua kwa watu wengi nisiokuwa na haja ya kuwapima.

Tuliporudi kochini aliniambia niangalie mstari ule vali inaposhikia ukuta. Ncha ya moyo karibu haisogei. Ni kitako cha juu kinachoshuka kuifuata, kila pigo, kama mti wa pampu ya baiskeli. Kwa moyo mzima unashuka zaidi ya sentimita 1, na jicho lenye uzoefu linaiona hiyo bila rula. Vivyo hivyo lile pazia la mbele la vali: linapofunguka linakaribia kugonga ukuta wa kati. Pengo likizidi milimita 7, mpimaji anakunja uso. Dada anadai kabla hajagusa kitufe chochote anakuwa ameshajua moyo ni mzima au la, na vipimo vinavyofuata ni vya kumwandikia daktari. Ninamwamini.

Nani aliwaza haya? Watu wawili mjini Lund, Sweden, mwaka 1953. Inge Edler alikuwa daktari wa moyo, na alichoka kupeleka wagonjwa kwenye upasuaji bila kujua kwa uhakika kama vali yao imebana au inavuja. Hellmuth Hertz alikuwa mwanafizikia, na ndiyo, ni ukoo uleule: Heinrich, kaka wa babu yake, ndiye ambaye jina lake tunapimia mawimbi hadi leo. Hertz alijua kwamba kiwanda cha meli cha Malmö kilikuwa na chombo cha kutafuta nyufa kwenye vyuma kwa mawimbi ya sauti. Wakakiazima kwa wikiendi! Chombo cha meli kikaelekezwa kifuani, na kwenye kioo kukaonekana mwangwi unaocheza kwa kufuata mapigo. Mwaka 1977 walipewa tuzo ya Lasker, lakini mimi nafikiria zaidi yule bwana wa stoo pale Malmö, siku ya kurudisha chombo, anauliza, "Mlikipeleka wapi?"

Kanuni haijabadilika tangu siku ile. Sikio letu linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kifaa hiki kinapiga kelele zaidi ya milioni 2, kisha kinanyamaza na kusikiliza. Sauti inapita ndani ya nyama kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde. Kwenda kina cha sentimita 16 na kurudi ni chini ya robo ya elfu moja ya sekunde, na kutokana na muda huo kifaa kinajua ukuta uko umbali gani. Mashine nyingi za magurudumu hutumia fuwele kutoa mlio huo. Hiki hakina fuwele. Kina kipande cha silikoni chenye maelfu ya vingoma visivyoonekana kwa macho, kilichotengenezwa kwa mbinu zilezile za chipu ya simu inayokionyesha. Vingoma! Nilimwomba dada anipe tena nikishike.

Haya, namba. Kuna namba moja ambayo wodini kila mtu anaitaja kwa herufi mbili, EF, yaani asilimia ya damu iliyotolewa kati ya ile iliyokuwamo. Kama chumba kilikuwa na 120 na kimetoa 70, EF ni 58. Miongozo ya vyama vya eko vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2015 inaweka ukawaida kati ya 52 na 72 kwa wanaume, 54 na 74 kwa wanawake. Ikiwa 40 au chini, na mtu ana dalili, daktari anasema moyo umeshindwa kukamua na anafungua orodha nyingine ya dawa.

Kuipata kwa mkono ni kazi ya subira. Unausimamisha moyo ulipojaa, unachora kingo za ndani. Unausimamisha ulipokamua, unachora tena. Kisha unarudia kwa kuutazama kutoka upande wa pili. Kompyuta inakikata chumba vipande 20 kama chapati zilizopangwa, kubwa juu na ndogo kuelekea nchani, inajumlisha ujazo wa kila chapati. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Simpson, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 18 ambaye sidhani kama alitegemea kuishia kifuani mwa watu.

Lakini kifaa hiki kinachora CHENYEWE! Unabonyeza, mstari wa kijani unajibandika kwenye kingo, sekunde chache, namba hiyo hapo. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walionyesha kwenye jarida la Nature programu iliyofunzwa na kupimwa kwa video zaidi ya 10,000 za moyo hadi ikaweza kukisia EF pigo kwa pigo, na tangu hapo aina hiyo ya akili imekuwa ikiingia kwenye vifaa vidogo. Nikaomba nijaribu mwenyewe. Nikapaka, nikatafuta ncha ya moyo chini ya ziwa la kushoto, nikapata vyumba vinne, nikabonyeza. 71! Nikarusha ngumi hewani. Moyo wa mwanariadha!

Dada alicheka mpaka akaweka chai chini. "Hujapita nchani. Umelikata embe shavuni, halafu unasifu lilivyo la mviringo." Akashusha kichwa cha kifaa ubavu mmoja chini, na chumba kikarefuka mbele ya macho yangu, kikawa na umbo la risasi badala ya yai. 60. Akarudia: 57. Moyo uleule, dakika zilezile. Kifaa hakikudanganya, kilihesabu kwa uaminifu picha mbovu niliyokipa. Na hata mikononi mwa wajuzi, wawili wakimpima mtu mmoja hupishana alama kadhaa, kwa hiyo ukitoka 57 mwaka jana kuja 54 mwaka huu, usianze kugawa urithi.

Hapo ndipo dada alipoanza darasa ambalo nililipenda kuliko kifaa chenyewe, na kifaa nakipenda sana. Alichukua karatasi. Moyo wa kwanza: mzee wa presha ya miaka mingi, ukuta umenenepa kwa ndani, chumba kimebaki na nafasi ya mililita 60. Anatoa 36. EF yake 60, safi kabisa kwenye karatasi. Moyo wa pili: umetanuka, ule ambao mtaani tunasema "moyo umekuwa mkubwa", unabeba 200 na unatoa 70. EF yake 35, majibu ya kutisha. Nani anatoa damu nyingi kwa pigo? Huyo wa 35! Wote wawili wanaumwa, lakini namba imemsaliti mmoja na kumpamba mwingine. Akaongeza wa tatu, ambaye vali yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni: ventrikali inatoa 100, ila 40 zinarudi nyuma kwa kuvuja. EF inazihesabu zote 100 kana kwamba zimefika safari.

Na kuna ugonjwa ambao ni wa kwetu hasa. Mwaka 1948, Kampala, J. N. P. Davies alieleza mioyo ambayo utando wake wa ndani umegeuka kovu gumu, linalojaza ncha ya chumba kama saruji. Moyo wa namna hiyo unaweza kukamua kidogo kilichomo bila shida. Tatizo ni kwamba haukubali kujaa. Ukisoma namba tu utampeleka mgonjwa nyumbani. Ukitazama umbo, huwezi kukosea: ncha haipo.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza kuhusu kifaa hiki ni kwamba kitufe cha EF, kinachotangazwa kuliko vyote, ndicho kitu chake cha tatu kwa uzuri. Cha kwanza ni kwamba unaona. Cha pili ni kwamba unaona popote. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa presha, si mishipa ya moyo kuziba kama kule Ulaya. Miaka 52! Huyo bado anasomesha. Na ukuta wa presha huanza kunenepa muda mrefu kabla mtu hajavimba miguu. Kichwa cha mashine ya kinyozi kingeuona.

Basi tukacheza. Jaribio la kwanza: nimelala, dada ananiinua miguu yote miwili, damu ya mapajani inateremka kurudi moyoni, chumba kinajaa zaidi, na pigo linalofuata linakamua zaidi. Hakuna aliyekiamuru. Otto Frank aliliona hilo kwenye moyo wa chura huko Ujerumani mwaka 1895, na Ernest Starling akalithibitisha London kwa mioyo ya mbwa: kadiri msuli unavyovutwa, ndivyo unavyojibu kwa nguvu. Mimi nililiona kwenye simu yenye ufa kwenye kona. Mabadiliko yenyewe ni madogo, huenda nusu yake niliyaona kwa sababu nilitaka kuyaona, lakini nayadai yote.

Kasoro zipo, nisije nikaonekana nimelogwa. Baada ya dakika kama kumi kichwa cha kifaa kinapata moto na kinaomba kupumzika. Ukuta wa pembeni unapotelea gizani, hasa pafu likiingilia, na hapo ule mstari wa kijani unabuni. Baadhi ya vipimo vya ndani zaidi, kama kufuatilia kila nukta ya msuli kuona umefupika kiasi gani (hapo majibu mazuri ni hasi 20, namba pekee maishani ninayoijua ambayo hasi ikizidi unapongezwa), bado vinahitaji ile friji yenye magurudumu. Programu inadai malipo ya kila mwaka, jambo ambalo dada alilitaja kwa maneno nisiyoweza kuyachapisha. Na bei: ni bodaboda mbili mpya.

Jaribio la mwisho lilikuwa wazo langu. Nikashuka ngazi zote mbio na kupanda mbio, mara mbili. Jirani wa samaki akatoa kichwa kuuliza kama kuna moto. Nikajitupa kochini natweta, dada akatafuta, akapata, na wote wawili tukanyamaza. Chumba kilikuwa kikikaribia kufungika kabisa. Kuta zinakutana, zinasokota, zinaachia, zinavuta, haraka haraka, kifumbu mikononi mwa mtu mwenye wageni mlangoni. Simu ikaandika 76. "Hiyo usiiandike," dada akasema, "picha inatikisika." Nimeiandika.

Halafu akanikabidhi kifaa, akajifunga kanga, akalala kwa ubavu wa kushoto. "Zamu yangu." Nikapaka jeli, nikatafuta. Ukungu. Mbavu. Ukungu tena. Akanielekeza bila kugeuza kichwa: chini kidogo, zungusha, usikandamize kama unapiga muhuri. Kitu kikapita kwenye kioo, kikapotea, kikarudi.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo, usisogee." Na kifaa kikaanza kulia: chaji asilimia 2.